Lyssa: Hasira Isiyo ya Kwake

Ukimwuliza msomaji wa visa vya Wagiriki wa kale ni nani aliyekuwa mungu wao wa hasira, huenda akakutajia Ares. Amebisha mlango wa jirani. Ares ni mungu wa vita, na hata huko vitani hana heshima kubwa: katika Iliad anachomwa mkuki na Diomedes, binadamu mtupu, anapanda Olympos akilalama kwa baba yake, na Zeus anamjibu kwamba katika miungu yote hakuna anayemchukia kama yeye. Mwingine atataja Erinyes, wale wanawake wa kutisha waliomwandama Orestes baada ya kumuua mama yake. Hao wana hasira kweli, lakini ni hasira yenye sheria. Wanamfuata aliyemwaga damu ya jamaa yake au aliyevunja kiapo, na asiye na hatia hawana shida naye.

Aliyepewa hasira yenyewe, ile inayompanda mtu hadi asimtambue mwanawe, ni Lyssa. Hana hekalu linalojulikana, hana sikukuu, hana mume wala mpenzi. Hesiod, aliyewataja watoto wa Usiku mmoja mmoja katika Theogony, Mauti na Usingizi na Uzee na Ugomvi na wenzao, hakumweka kwenye orodha. Tunamjua kutokana na tamthilia chache za Athens, nyingine zikiwa zimebaki vipande tu, na kutokana na michoro ya vyombo vya udongo. Naona kusahaulika kwake kuna sababu, na sababu hiyo ndiyo inayomfanya astahili kusomwa: Lyssa ni mungu wa hasira asiye na hasira. Anabeba ya wengine.

Kwanza tuwatazame wenye nayo. Kwa Wagiriki, mungu kukasirika lilikuwa jambo la kila siku, na ibada nyingi zilikuwa njia ya kumtuliza. Iliad inaanza na hasira mbili zinazofuatana: Apollo anawapiga Wagiriki kwa tauni kwa sababu kuhani wake amedhalilishwa, kisha Achilles anasusa vita kwa sababu amenyang'anywa zawadi yake. Kila mmoja ana sababu anayoweza kuitaja, na kila mmoja ana kitu akipewa atatulia. Hasira ya namna hiyo ni deni, na deni hulipika.

Mfano mzuri zaidi uko Arkadia, katikati ya Peloponnesos. Pausanias, msafiri aliyeandika katika karne ya 2 BK, anaeleza habari za Demeter wa Thelpousa. Demeter alikuwa akimtafuta binti yake aliyepotea, Poseidon akamfuata kwa tamaa. Akajigeuza farasi jike na kujichanganya na kundi la malisho, Poseidon naye akajigeuza farasi dume na kumwingilia. Demeter alighadhibika sana, kisha akaoga katika mto Ladon, ghadhabu ikapoa. Wenyeji walimwabudu kwa majina mawili, moja la ukali na jingine la kuoga, na hekaluni kulikuwa na sanamu mbili za mungu huyo mmoja. Pausanias alizikadiria kwa macho: ile ya mwenye ghadhabu ilikuwa ya futi 9 hivi, ya aliyeoga futi 6. Watu wa Thelpousa hawakuificha hasira ya mungu wao baada ya kuisha. Waliiacha isimame pale pale, tena ikiwa ndefu kuliko utulivu wake.

Huko huko Arkadia, nje kidogo ya mji wa Megalopolis, kulikuwa na patakatifu pa miungu wa kike walioitwa Maniai, yaani wa wazimu. Wenyeji walisema ndipo Orestes alipopagawa kwa kumuua mama yake, na karibu na hapo kulikuwa na tuta la udongo ambalo juu yake palichongwa kidole cha jiwe. Orestes alijing'ata kidole akakikata. Kabla ya hapo miungu hao walimtokea wakiwa weusi. Alipokwisha kukikata wakamtokea weupe, akili zikamrudia. Akawatolea sadaka weusi kwa namna yao na weupe kwa namna yao.

Lyssa hana tuta wala mto wa kuoga. Ukimtolea sadaka atasema nini? Yeye hajakosewa. Anayetakiwa kutulizwa ni aliyemtuma, na huyo ana hekalu lake mahali pengine.

Tangu mwanzo anahusishwa na mbwa. Katika Iliad bado si kiumbe mwenye sura. Ni nguvu inayomwingia shujaa vitani na kumtoa katika ubinadamu wake. Odysseus anapokwenda kumbembeleza Achilles arudi vitani, anamweleza kwamba Hector, shujaa wa Troya, ameingiwa na nguvu hiyo, hajali tena mtu wala mungu. Teukros, mpiga mishale aliyemkosa Hector kila alipomlenga, alikwisha kumwita mbwa mwenye kichaa. Baadaye, Achilles anapowafukuza Watroya kuelekea kwenye kuta za mji wao, ni yeye sasa aliyeingiwa, na Homer anatumia neno lile lile. Nguvu hiyo haina upande. Inampanda Hector, kisha inampanda atakayemuua Hector.

Katika karne ya 5 KK nguvu ile ikapata mwili. Katika Museum of Fine Arts ya Boston, Marekani, kuna mtungi wa kuchanganyia divai na maji, uliochorwa Athens miaka ya 440 KK hivi na mchoraji ambaye wataalamu wamempa jina la Lykaon. Katikati yumo Aktaion, mwindaji aliyemkosea Artemis. Pembe zimeanza kumchomoza, masikio yameshakuwa ya mnyama, na mbwa wake mwenyewe wanamrukia. Karibu naye amesimama mwanamke aliyevaa vazi fupi la kiwindaji na viatu vinavyopanda miguuni, na juu ya kichwa chake kimechomoza kichwa kidogo cha mbwa. Jina lake limeandikwa kando: ndiye Lyssa. Artemis yuko pembeni, ametulia kama mtu anayesubiri kazi imalizike.

Tazama jinsi kazi ilivyogawanywa. Mwenye kinyongo ni Artemis. Wanaouma ni mbwa. Anayekufa ni bwana wao, aliyewalisha na kuwafunza. Kati yao anasimama Lyssa, ambaye hana ugomvi na yeyote. Apollodoros, aliyekusanya visa hivi karne nyingi baadaye, anaongeza jambo ambalo mchoraji hakuwa na nafasi ya kulionyesha: mbwa wale waliporudiwa na akili walimtafuta bwana wao wakilia, hadi Cheiron, aliyemlea Aktaion, akawatengenezea sanamu yake ndipo wakanyamaza. Sijui kisa kingine cha Kigiriki kinachowahurumia waliotumiwa kuliko hiki.

Mchoro wa namna hiyo ulienea. Kwenye vyombo vya Apulia, kusini mwa Italia, katika karne ya 4 KK, Lyssa anaonekana mara kadhaa akiwa na mabawa na fimbo yenye ncha, kama ile ya kuwasukuma ng'ombe, akimshukia Lykourgos mfalme wa Thrace. Huyo alimfukuza Dionysos nchini mwake, na Dionysos akampa wazimu. Akamkata mwanawe kwa shoka akidhani anapogoa mzabibu. Katika tamthilia ya Bacchae, iliyochezwa baada ya kifo cha Euripides, wanawake wa Dionysos wanawaita mbwa wa Lyssa wakawachochee binti za Kadmos kule mlimani, na mmoja wao, Agaue, anarudi mjini na kichwa cha mwanawe akidhani ni cha simba. Katika visa hivi viwili aliyetukanwa ni mungu mkubwa, na damu iko mikononi mwa mzazi.

Lakini Lyssa mwenyewe tunamsikia kwa kirefu mahali pamoja tu: katika tamthilia ya Euripides iitwayo Herakles, iliyochezwa Athens miaka ya 410 KK hivi. Hapo inafaa tukae kidogo.

Nusu ya kwanza ni ya wokovu. Herakles ameshuka kuzimu kumchukua Kerberos, mbwa mlinzi wa huko, wote wanaamini amekufa, na Lykos aliyepora utawala wa Thebes anataka kumuua mkewe Megara, watoto wake watatu na mzee Amphitryon, baba yake mlezi. Herakles anarudi kabla ya kisu kufika shingoni, anamuua Lykos, wazee wa mji wanaimba kwa furaha. Mtazamaji wa Athens angeweza kuinuka aende nyumbani. Hapo ndipo juu ya paa la nyumba wanapotokea wawili: Iris, tarishi wa Hera mke wa Zeus, na Lyssa.

Iris anatoa amri. Hera anataka Herakles awaue wanawe kwa mikono yake, ili ajue ukali wa hasira yake. Asipoadhibiwa, anasema, miungu itakuwa si kitu na binadamu watakuwa wakubwa. Kosa la Herakles halitajwi, kwa sababu halipo. Alizaliwa na Zeus kwa mwanamke mwingine, basi.

Na Lyssa anakataa. Anaeleza kwanza nasaba yake tukufu, binti wa Usiku kutokana na damu ya Ouranos, kisha anasema hapendi kuzivamia nyumba za watu wema. Mtu huyu, anasema, ameifanya nchi na bahari zipitike, na amezirudishia heshima ibada za miungu zilizokuwa zimevunjwa. Anamshauri Hera kupitia kwa Iris afikiri tena. Iris anamkata kauli: mke wa Zeus hakumtuma huku aje kuwa na busara. Ni jibu la kuchekesha, na Euripides alilijua hilo. Katika jukwaa zima, mwenye akili timamu ni wazimu.

Lyssa analiita Jua lishuhudie kwamba anafanya asichotaka. Kisha anaanza, na hapo anageuka. Anajisifu kwamba bahari iliyochafuka, tetemeko la ardhi wala radi haviwezi kufanana na kasi atakayoingia nayo kifuani mwa Herakles. Ni kama mgambo anayeambiwa abomoe kibanda cha mjane: anabisha, anamwambia mkubwa wake hili si sawa, na akishasema hayo anabomoa kwa nguvu kuliko walivyomwagiza.

Yaliyofuata yanasimuliwa na mtumishi aliyekuwa ndani. Familia ilikuwa imezunguka madhabahu ya Zeus kuitakasa nyumba baada ya kifo cha Lykos. Herakles alikuwa karibu kuchovya mwenge katika maji ya ibada, akasimama kimya. Watoto wakamtazama. Macho yake yakageuka na kuwa mekundu, povu likamtiririka ndevuni. Akacheka, akasema kwa nini ajitakase mara mbili, aende kwanza akamuue Eurystheus, mfalme aliyemtuma kuzimu. Akapanda gari lisilokuwepo, akawapiga mjeledi farasi wasiokuwepo, akapita mji mmoja baada ya mwingine bila kutoka chumbani. Njiani akapigana mieleka na hewa na kujitangaza mshindi. Watumishi wakaangaliana wakiwa kati ya kicheko na hofu: bwana anatutania au amepagawa? Mtoto wa kwanza alijificha nyuma ya nguzo, akapigwa mshale. Wa pili alimrukia baba yake akimshika kidevu, akimwambia mimi ni wako, si wa Eurystheus, akapigwa rungu kwa kuwa alikuwa karibu mno kwa upinde. Wa tatu alifungiwa chumbani na mama yake. Herakles akaing'oa milango, na mshale mmoja ukawatosha wote wawili. Alipomgeukia Amphitryon, Athena alimpiga jiwe la kifua, akaanguka na kulala. Wakamfunga kamba kwenye nguzo.

Tunaweza kuuliza kama hiyo ni hasira au ni ugonjwa. Aristotle, katika kitabu cha pili cha Rhetoric, anasema hasira ni kutaka kulipiza, kwa uchungu, dharau uliyofanyiwa wewe au watu wako bila haki. Lazima awepo aliyekudharau, na lazima umjue. Kwa kipimo hicho Herakles hana hasira kabisa. Anampiga Eurystheus ambaye hayumo chumbani. Mwenye hasira kamili, yenye dharau ya kukumbukwa na kisasi cha kuonekana, ni Hera, na Hera haonekani jukwaani hata mara moja. Euripides ameivunja hasira vipande viwili: chuki ameiweka mbinguni, na mikono ameiacha duniani.

Je, mikono hiyo ina hatia? Hapa Wagiriki hawakuwa na jibu jepesi la kwamba shetani alimpitia. Sheria ya Athens ya kuua bila kukusudia, iliyohusishwa na Drakon wa karne ya 7 KK na kuchongwa upya kwenye jiwe mwaka 409/408 KK, ilimpeleka muuaji wa namna hiyo uhamishoni. Hakuitwa mwovu, lakini alikuwa na najisi ya damu. Herakles anapozinduka na baba yake akamwonyesha maiti, hakuna anayebisha kwamba ni Hera. Na bado haruhusiwi kukaa Thebes, na bado anafunika uso wake asimtie najisi rafiki yake Theseus, mfalme wa Athens. Theseus anakataa kuogopa. Anamfunua uso, anamwahidi atamtakasa mikono na kumpa makazi Athens, na anamzuia asijiue.

Kuna jambo jingine katika mazungumzo yale linalowasumbua wasomi mpaka leo. Theseus anamfariji kwa kumwambia hata miungu hufanya maovu, nao wanaendelea kukaa Olympos. Herakles anakataa faraja hiyo. Anasema haamini kwamba miungu huzini au hufungana minyororo. Mungu aliye mungu kweli hahitaji kitu, na mengine ni hadithi za washairi. Anayasema hayo mtu ambaye nyumba yake imebomolewa na mungu mwenye wivu, mbele ya watazamaji waliomwona Lyssa kwa macho yao. Euripides hakuziba nyufa hizo, na sioni kwa nini tumzibie.

Aliyejaribu kuziziba ni Mrumi. Seneca, katika karne ya 1 BK, aliandika upya kisa hiki katika Hercules Furens, na Lyssa akamtoa kabisa. Tamthilia inafunguliwa na Juno, Hera wa Kirumi, akiwa peke yake, akieleza machungu yake kwa kirefu. Anawaita wanawake wa kisasi kutoka kuzimu, lakini anataka wamwingie yeye kwanza: ili Hercules apagawe, lazima Juno apagawe kabla yake. Seneca huyo huyo aliandika vitabu vitatu juu ya hasira, akisisitiza kwamba mshtuko wa mwanzo hauna hiari, lakini hasira yenyewe haiwi hasira mpaka akili iikubali. Katika fikra hiyo Lyssa hana kazi. Hakuna wa kutumwa. Kila mtu anajipandisha mwenyewe.

Kwa kumfunza kijana ajizuie, Seneca anafaa zaidi. Kwa kuelewa jinsi hasira inavyosafiri, mimi namwamini Euripides. Makundi ya watu yanayochoma nyumba za majirani mara nyingi hayana ugomvi wao wenyewe na majirani hao. Chuki imetungwa na mtu aliyeketi mbali, ikapelekwa kwa anayejua si haki lakini anatii, ikafika kwa mwenye rungu. Seneca angemshika mwenye rungu peke yake. Euripides angemshika huyo pia, kisha angeuliza yuko wapi aliyetuma.

Lyssa hakubaki kwenye vyombo vya udongo tu. Jina lake ndilo Wagiriki walilouita ugonjwa tunaouita kichaa cha mbwa, na lile povu la Herakles na macho yake mekundu wengi wa watazamaji walikwisha kuyaona kwa mnyama. Aristotle, katika kitabu chake cha habari za wanyama, anasema kila kiumbe aliyeng'atwa na mbwa mwenye ugonjwa huo huambukizwa, isipokuwa binadamu. Kauli hiyo imewatatiza wasomaji kwa karne nyingi, na wapo wanaodhani mnukuzi alikosea. Wanasayansi wa leo nao wamelipa jina lake kundi zima la virusi: Lyssavirus. Virusi viwili vya kundi hilo vina majina ya kwetu. Kimoja kiligunduliwa mwaka 2009 katika popo wa mapangoni Shimoni, pwani ya kusini ya Kenya, kikaitwa Shimoni. Kingine kilitoka kwa fungo aliyemshambulia mtoto katika kata ya Ikoma, Serengeti, mwaka huo huo, kikaitwa Ikoma.

Kile cha kawaida, cha mbwa, kinakadiriwa kuua watu wapatao 59,000 duniani kila mwaka, wengi wao Asia na Afrika. Dalili zikishaanza, karibu hakuna anayepona. Kabla ya dalili, chanjo huokoa. Ukiumwa na mbwa au mnyama wa porini, osha jeraha mara moja kwa sabuni na maji mengi kwa dakika 15, kisha nenda hospitali siku hiyo hiyo ukadungwe chanjo, hata kama mbwa ni wa jirani na mwenyewe anakuapia kwamba ni mzima.